Uliza Ujibiwe: Tunasomesha nyumbani, sasa mwaka tuuanze lini?

Mwezi huu barua nyingi zilizoingia ni za wazazi wanaosomesha watoto wao wenyewe nyumbani, ama wanaotaka kuanza hiyo homskuli na wamekwama kwenye tarehe. Nimechagua tano. Zilizokuwa ndefu nimezipunguza, mutanisamehe.

SWALI: Dada asalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kisauni. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 12 amemaliza Gredi ya 6, wa pili msichana amemaliza Gredi ya 3, na kitinda mimba ana miaka 5. Shule zimefungwa na mimi na baba yao tushaamua hawarudi Januari, tutawasomesha nyumbani, sababu ni nyingi na karo imo lakini si karo peke yake. Shida sasa ni tuanze lini. Vitabu vya wadogo nilivyonunua ni vya Uingereza na ratiba yake inaanza Septemba. Baba yao anasema Januari kama watu wote, majirani wasije wakasema watoto wanazurura. Mama mkwe naye anasema tungoje Idi ipite maana Ramadhani ya 2027 inaingia Februari, mukianza Januari mutakatika katikati. Na jioni watoto wanaenda madrasa, saa kumi mpaka magharibi. Nimechoka dada, kila mtu ana mwezi wake na mimi ndiye nitakayesomesha.
Mama Watatu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Mama mkwe ndiye aliyekaribia, lakini usimwambie nimesema mimi, utakoma.

Kabla hatujafika kwake lakini, naona nyote munagombania tarehe ya kuanza na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anaishia wapi, na hapo ndipo pa kuanzia. Mtoto atakayefanya mtihani wa serikali mwaka wake ushapangwa na KNEC, lile baraza la mitihani la Kenya, mtihani unakuja Oktoba na Novemba upende usipende, hata wewe masomo uyaanze mwezi gani. Atakayefanya IGCSE, ule mtihani wa Cambridge wa mfumo wa Uingereza, ana misimu miwili, Mei na Juni halafu tena Oktoba na Novemba, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hivyo mtu asikae akidhani atajiandikisha wiki ya mtihani. Na yule mdogo ambaye mtihani wowote uko mbali, huyo mwaka wake ni wenu, hakuna anayemngoja mahali.

Kwa hivyo watoto wako watatu hawana jibu moja. Wa kwanza huyo wa miaka 12 hana mchezo. Anaingia Gredi ya 7, na mwisho wa Gredi ya 9 kuna KJSEA, ule mtihani uliofanywa mara ya kwanza 2025, ambao alama zake hazitoki kwenye mtihani peke yake, asilimia 60 ni mtihani wenyewe, 20 zinatoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6 aliyokwisha kuifanya, na 20 nyengine ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Yaani kuanzia Januari hii kazi yake inahesabiwa, na tathmini hizo hupitia shule ama kituo kilichosajiliwa, si wewe umpe alama mezani kwako. Kama munataka aendelee na mfumo wa serikali basi tafuteni sasa hivi, si Januari, pahali patakapokubali kumsajili, na yeye aanze Januari pamoja na wenzake, hapo baba yao kashinda. Kama munamgeuza aende Cambridge semeni hivyo leo, muhesabu kurudi nyuma kutoka mwaka atakaokaa mtihani, na kituo cha mtihani mukiulize mapema ada na masharti yake. Kitakachomuumiza ni kukaa mwaka mzima huku hayuko na kule hayuko. Na kama bado hamujaamua, maoni yangu ni huyu mumwache shule kwanza, muanze na wadogo wawili. Najua mushaamua wote watatu, lakini umeniuliza na mimi ndivyo ninavyoona.

Sasa wadogo, ambao ndio wenye uhuru. Septemba ya vitabu isikutishe kabisa. Septemba ni ya Uingereza kwa sababu shule zao hufunga Julai mwishoni, kiangazi chao kikapita, wakafungua Septemba. Kitabu cha hesabu hakijui mwezi, ukurasa wa kwanza ni ukurasa wa kwanza hata ukiufungua Machi. Kitu cha kuangalia kwenye vitabu ni wiki. Kule England shule hufunguliwa siku 190 kwa mwaka, ambazo ni wiki 38. Majimbo mengi ya Marekani ni siku 180, wiki 36. Kwetu hapa mwaka 2025 mihula mitatu ilikuwa wiki 13, 14 na 9, ukijumlisha ni 36 tena. Kwa hivyo ukifuata yoyote kati ya hizo unatafuta wiki 36 mpaka 38 za kazi ndani ya wiki 52, na hizo zengine 14 au 16 ni zako uzitupe unapotaka. Swali lako la kuanza lini likishafika hapo linakuwa rahisi zaidi, ni kujua zile wiki mbovu za nyumba yako ziko wapi, uziweke mapumziko, na mwaka uanze pale zinapoishia.

Na Mombasa wiki mbovu tunazijua. Januari mpaka Machi ni kaskazi, joto la kaskazi la Kisauni ndani ya nyumba ya mabati ama gorofa ya juu chini ya slabu, saa nane mchana mtoto anakutazama tu hasikii unachosema, feni inazunguka hewa ile ile moto na tokeni za stima zinaisha. Sisi tumezoea kuona shule ziko wazi Februari na Machi na zimefungwa Agosti, tukadhani ndivyo Mungu alivyopanga, kumbe Juni, Julai, Agosti ndiyo miezi ya kusi, kuna upepo, kuna ubaridi kidogo, mtoto akili yake imetulia, na hiyo ndiyo miezi ya kusukuma masomo mazito. Anayesomesha nyumbani akiiga kalenda ya shule neno kwa neno ameacha faida moja kubwa aliyokuwa nayo.

Halafu Ramadhani. Hii ya 2027 inatazamiwa karibu na tarehe 8 Februari mwezi ukiandama, Idi iwe kabla ya katikati ya Machi. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, 2028 itaingia mwisho wa Januari, na 2030 itakuja mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Desemba. Kwa hivyo kwa miaka hii michache ijayo ukianza mwaka baada ya Idi utakuwa unaanza Machi, kisha Februari mwishoni, kisha Februari katikati, unasogea wenyewe kuelekea Januari ya watu wa serikali bila kusukumwa. Na mama mkwe hakuzua jambo. Wazee wa pwani mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani wakiuita Mfungo Mosi na kutoka hapo ndipo hesabu ikaanza, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka Maulidi yakaangukia Mfungo Sita. Wavuvi na wakulima nao wakaenda na Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, ambao Makunduchi kule Unguja bado wanausherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mji huu haujawahi kuwa na mwaka mmoja tu, sisi ndio tuliofunga macho kwenye kalenda ya ukutani yenye picha ya duka la hadwea.

Basi mimi ningefanya hivi. Januari mpaka Ramadhani wadogo wasifungue vitabu vipya kabisa. Wamezoea kengele, foleni na mwalimu, na wewe bado hujui wanajua nini. Mwambie msichana akusomee ukurasa mzima wa Kiswahili na mwengine wa Kiingereza usikie anakwama wapi, jedwali la kuzidisha mpaka kumi analo au alikuwa akikariri darasani kwa sauti ya wenzake, mdogo herufi anazijua ngapi. Andika kwenye daftari. Asubuhi moja kabla jua halijawa kali wapeleke Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wapige hesabu imesimama miaka mingapi, mkubwa naye kama yuko nyumbani awasimamie. Ramadhani, kusoma hadithi asubuhi na Kurani yao, basi. Baada ya Idi usikimbilie pia. Madrasa nyingi hufunga Ramadhani na kufungua Idi ikishapita, watoto wakaanza madrasa na vitabu vipya siku moja watachanganyikiwa, na wewe kama unafunga zile siku sita za Mfungo Mosi zimalize kwanza, kusomesha hesabu na njaa ni kutafuta ugomvi. Madrasa ikishatulia wiki moja, Jumatatu inayofuata, hapo ndipo mwaka wenu.

Kutoka hapo wiki sita za kazi, moja ya kupumzika, sita tena, moja tena. Ukirudia hivyo mara sita umepata wiki zako 36 na umetumia 42 kwa jumla, bado zimebaki kumi za Ramadhani na Idi na harusi zenu, maana familia ya Mombasa isiyo na harusi sijaiona. Hizo wiki za kupumzika si lazima zifuate mstari, zisogeze kidogo ziangukie Aprili, Agosti na Desemba pale binamu zao wanapofunga shule, na Idi ya Mfungo Tatu nayo. Masomo saa moja asubuhi mpaka saa tano, au saa sita ukipenda, mchana walale, saa kumi madrasa. Mtoto wa miaka 5 hahitaji zaidi ya saa moja na nusu mezani, hata hiyo uikate vipande.

Kuhusu majirani, mwambie baba yao watoto wasionekane barabarani kabla ya saa sita mchana, majirani watanyamaza wenyewe.

SWALI: Kwa mhusika. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha shule za msingi hapa Mombasa. Nasoma safu hii na nasikitika munavyowapa wazazi moyo wa kuvunja sheria. Elimu ni lazima na kalenda ni moja, Januari. Mtoto anayeanza anapotaka mamake atakuwa mtu mzima anayeripoti kazini anapotaka.
Mwalimu, Tudor

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kwenye sheria sibishani na wewe. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imemtwika mzazi jukumu hilo, na haikumwandikia wazi mzazi anayesomesha mwenyewe nyumbani afuate njia gani. Ndiyo maana mimi huwaambia wazazi wasifanye kwa kujificha na wasifanye kwa mdomo. Daftari liwepo, tarehe mwaka ulipoanza iandikwe, siku zilizosomwa, kazi za mtoto zihifadhiwe kwenye faili na tarehe zake, na anayetia shaka aende akazungumze na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yake ama na wakili kabla hajamtoa mtoto. Mzazi ambaye hawezi kuonyesha alianza lini na amesoma nini huyo hata mimi simtetei.

Lakini hiyo kalenda moja Mwalimu, nayo umeiona ilivyocheza. Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, Oktoba wakarudi wachache, wengine wote Januari 2021. Mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai. Wa 2022 ukaanza Aprili mwishoni. Wa 2023 ndio ukarudi Januari, tena mwisho wa Januari. Watoto walipita mihula minne ndani ya mwaka mmoja na hawakuharibika kwa sababu ya mwezi, waliotatizika walitatizika kwa kukimbizwa. Halafu 2024 mvua zikaja na mafuriko, muhula wa pili ukasogezwa kutoka 29 Aprili mpaka 13 Mei. Serikali ikisogeza tarehe ina sababu, na mzazi naye akiisogeza nataka awe na sababu. Ya kuripoti kazini nakubaliana na wewe, ukishasema saa moja ni saa moja, hapo ndipo wengi wanapoanguka na si kwenye Januari.

SWALI: Habari dada. Mimi nafanya kazi hoteli moja upande wa Shanzu, mke wangu ni nesi anaingia zamu. Tuna watoto wawili, Gredi ya 2 na Gredi ya 4, tunawasomesha nyumbani tangu mwaka jana na kusema ukweli mwaka jana ulikuwa vurugu. Tulianza Januari na mimi Januari ndio wageni wamejaa, natoka alfajiri narudi usiku, mke yuko zamu, watoto wakasomeshwa na shangazi yao na tivii. Mwezi wa nne mpaka wa sita hoteli inakauka tunapewa likizo, niko nyumbani tu sina la kufanya. Nikasema kwa nini mwaka usianze Mei? Ndugu zangu wanacheka wanasema hakuna shule duniani inayoanza Mei.
Baba Wawili, Shanzu

JIBU: Salama kakangu. Waache wacheke, wewe umepata jibu kabla ya kuniuliza.

Wiki za mwanzo za mwaka ndizo zinazotaka mzazi awepo mwili mzima, ndipo watoto wanapojaribu kuona sheria ni ya kweli au ya maneno, ndipo kitabu kinageuka kigumu kuliko ulivyofikiria ikabidi mubadilishe, ndipo taimtebo inavunjika ikatengenezwa tena. Ukiziweka wiki hizo Januari na wewe uko hotelini umewapa watoto mwezi mzima wa kujifunza kwamba masomo ni ya shangazi akitaka. Mei mvua za masika zinanyesha, hakuna anayetaka kutoka, watoto wako ndani na wewe uko ndani, ni mwezi mzuri sana wa kukaa mezani. Kufika Julai wageni wakianza kurudi, wao washajua asubuhi wanafungua nini bila kuambiwa, hapo hata shangazi atawaweza.

Hesabu yake lakini uifanye mapema usije ukashtuka Novemba. Kutoka Jumatatu ya kwanza ya Mei mpaka wiki ya pili ya Desemba ni kama wiki 32. Toa nne za mapumziko zinabaki 28, na wewe unatafuta 36, kwa hivyo kuna nane zinadai. Usizilazimishe Krismasi wala mwanzo wa Januari, kazini kwako hapo hapana nafasi na mke hawezi peke yake na zamu zake. Ziweke Februari na Machi, ziwe wiki nyepesi, kusoma vitabu kwa sauti, insha moja kwa wiki, mradi mmoja wa sayansi ambao mama anaweza kuusimamia siku zake za mapumziko, bustani ya ndoo mbili ya sukumawiki kwenye veranda inatosha. Au kama likizo yako huanza Aprili mwanzo basi anza Aprili katikati na wiki mbili tatu za deni hilo zimeisha.

Jambo moja la huyo wa Gredi ya 4. Kama kuna uwezekano wowote wa kurudi shule, mlango wa shule unafunguka Januari, yeye na mwaka wake wa Mei atakuwa katikati ya kitabu. Si ubaya, lakini kila Novemba mukae naye mumpime kwa vitabu vya gredi yake vya hapa, hesabu na Kiswahili na Kiingereza, mujue akiitwa Januari ataingia wapi. Na kuanzia Gredi ya 4 shule hufanya tathmini za KNEC, kwa hivyo ukimrudisha usingoje mpaka Gredi ya 6.

SWALI: Dada sasa. Mtoto wangu anatimiza miaka 4 Januari. Nataka nimsomeshe mwenyewe nyumbani. Nianze mwezi wa kwanza ama ningoje?
Mama Mpya, Mikindani

JIBU: Poa. Huyu hana mwaka wa kuanza mamangu. Miaka 4 shuleni ndio PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na PP1 yenyewe ni kucheza, kuimba na kushika kalamu ya rangi. Nenda naye sokoni Kongowea ahesabu maembe unayochagua, msomee kitabu kimoja kabla ya kulala, muache amwagie maji kwenye sufuria. Ukimwona anauliza mwenyewe hii ni herufi gani, siku hiyo hiyo anza, hata ikiwa ni Alhamisi ya mwezi wa tisa. Na tafadhali usinunue vitabu vya kazi vya shilingi elfu kadhaa.

SWALI: Salaam. Sisi tunaishi Uingereza miaka mingi na tunarudi nyumbani Mombasa kabisa, tiketi ni za mwisho wa Julai. Mtoto wetu wa kiume ana miaka 9, atakuwa amemaliza Year 4 kule. Shule za hapa wakati huo ziko mwisho wa muhula wa pili, nikimpeleka ataingia muhula wa tatu ambao naambiwa ni mfupi. Nimefikiria kumsomesha nyumbani kidogo. Je, nianze Septemba kama alivyozoea, au nimpumzishe mpaka Januari? Kiswahili anasikia lakini kusoma hajui.
Mama Msafiri

JIBU: Waaleikum salaam, karibuni nyumbani. Septemba, na nitakwambia kwa nini si Januari.

Kutoka mwisho wa Julai mpaka Januari ni miezi mitano, ukimpumzisha yote atasahau na atachoka na uvivu, na Novemba joto likirudi utakuwa na mtoto wa baridi asiye na la kufanya ndani ya nyumba. Agosti mwache. Aonane na jamaa, azoee usingizi wa hapa na adhana ya alfajiri na kelele za tuktuk, ale viazi karai, apelekwe Likoni kwa feri na kurudi bila sababu. Septemba ubongo wake umezoea ndio mwezi wa kufungua daftari, basi tumia hilo, hapo kusi bado ipo na hali ya hewa itamsaidia.

Muhula wa tatu wa shule zetu nao kweli ni mfupi, wiki tisa tu hivi, na mwisho wake ni mitihani, kumtupa mtoto mgeni hapo katikati ya watoto wanaojiandaa kufunga mwaka haimpi kitu. Ila usichukue Septemba mpaka Novemba ukamfundisha Year 5 ya kule, hiyo itamwongeza pale ambapo hana upungufu. Kwa umri wake wenzake hapa wako Gredi ya 4 wanaelekea ya 5, hesabu na Kiingereza huenda yuko sawa au mbele. Pengo lake ni Kiswahili, na ni pengo kubwa, kwa sababu Gredi ya 5 atakutana na ufahamu, insha na ngeli, na mtoto anayesikia tu bila kusoma atakaa darasani akiona aibu kwa jambo ambalo si kosa lake. Kwa hivyo nusu ya asubuhi kila siku iwe Kiswahili. Anza na vitabu vya Gredi ya 1 bila kumwambia ni vya Gredi ya 1, toa jalada. Herufi zetu husomwa zinavyoandikwa, mtoto anayesoma Kiingereza tayari huchukua muda mfupi kushika silabi, kazi ni kuelewa anachokisoma. Mtafutie bibi wa kumsomea kwa sauti, kila mtaa una bibi. Nusu ya pili hesabu kidogo, na vitabu vya sayansi na kilimo na sosho vya Gredi ya 4 avipitie ajue wenzake wamesoma nini.

Oktoba, kabla shule hazijafunga, mpeleke shule munazozifikiria aonekane na walimu, waulize wanapima vipi mtoto anayetoka nje, na barua yake ya shule ya Uingereza na ripoti za mwisho uwe nazo mkononi, usiziache kwenye kontena la mizigo ambalo huenda likakaa bandarini mpaka mwaka mpya.